Fundi wa Baridi Akisoma Ramani

Mimi ni fundi wa baridi.
Wasanifu huja kwangu mwishoni,
jengo likishavaa vioo, utepe ukishakatwa,
na waheshimiwa wameanza kulegeza tai.

Hili la Mtumba lilizaliwa kwenye kompyuta.
Nililiona likizunguka skrini kama kuku wa kubanika:
anga la buluu lisilo na vumbi,
watu wa kijivu wanatembea, hawatoki jasho,
na mlangoni mti wa majani mekundu
ambao Ugogo hautaujua hata mvua inyeshe mwaka mzima.
Mmoja wa wale watu alivaa koti zito.
Nilicheka hadi nikapaliwa.

Sechelela, aliyechora, hakucheka.

Saa tisa alasiri, jua likielekea Bahi,
ukuta wote wa magharibi unawaka.
Karani wa ghorofa ya tatu amebandika magazeti kioo kizima,
kisha amewasha taa, mchana.
Mwenzake amefungua mwavuli juu ya meza.
Si mzaha, nilimkuta.
Nami niko juu ya paa na spana yangu,
viyoyozi arobaini na viwili vimejipanga
vinatema nje joto la ndani,
nalo linazunguka, linarudi kugonga vioo:
hodi, nimesahau kitu.

Umeme ukikatika, jengo linanyamaza.
Madirisha hayafunguki. Yalichorwa hivyo.
Watu hushuka ngazi na mafaili kwapani,
wakamalizie serikali kwenye kivuli cha gari la maji.

Siku moja Sechelela akapanda paa,
laptopu kifuani, kofia ngumu kichwani.
Hakuuliza kiyoyozi kipi kibovu.
Aliuliza, "Upepo wa hapa unatoka wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidole chenye grisi: mashariki,
karibu mwaka mzima, una ukaidi wa punda.
Akakiandika kidole changu kwenye mashine.

Jumamosi tukaenda Mvumi, kwa marehemu mama,
kwenye tembe lililobaki upande mmoja.
Akatundika vipimajoto: nje, mlangoni, ndani.
Nje thelathini na nne.
Ndani, chini ya udongo wa shubiri mbili, ishirini na tano.
Macho yakamng'aa.
Nikamwambia, taratibu.
Usilisifu tembe kama hujalala na papasi,
kama hujahamisha sufuria usiku kucha
mvua ya Januari ikichagua pa kuvujia,
kama moshi haukukufundisha kulia bila msiba.
Mama mwenyewe aliniomba bati miaka saba.
Nikamwezekea.
Mchana akahamia nje.

Akarudi mjini na namba zake, akailisha mashine.
Wiki mbili ilichemka
kama mimi nikipiga hesabu ya ada.
Kwenye skrini jengo jipya likaanza kujikunja:
ukuta wa magharibi ukarudi nyuma, ukasinzia,
dirisha likabaki ufa wa jicho,
paa likachomoza mbele
kama mtu anayekinga uso kwa kiganja.
Tofali za udongo wa kushindilia, saruji ya kuonja tu,
na mashariki matundu, mengi, hayalingani,
kila moja limepimiwa ukaidi wa punda.
Mti mwekundu aling'oa.
Akapanda mkungugu wa Septemba, miiba mitupu.

"Viyoyozi vingapi?"
"Sita. Vya chumba cha kompyuta."
Sita.
Kumbe anayeona joto ni yeye aliyetupigia hesabu ya joto.
Nina watoto wanne na mkopo wa pikipiki.
Upepo niliutoa bure, sikudai risiti.

Akageuza skrini nione.
Mlangoni, kivulini, ameniweka:
mtu mdogo wa kijivu, hana uso,
anatembea, hatoki jasho.
Nimejitambua kwa kofia.
Nikasogea, nikaitazama mikono yake,
wa kulia, kisha wa kushoto.
Spana haimo.