Wakia Moja ya Theluji

Kiyoyozi kimekata roho Jumanne, adhuhuri,
Agosti, Nizwa, nyuzi arubaini na saba,
na fundi kaniandikia juu ya kipande cha boksi:
kompresa, riale themanini na tano. Mkopo hana.

Nikafungua mtoto wa meza.
Sarafu saba za Kanada, kila moja na kisanduku chake
kama meno ya bandia ya mtu mwenye nafasi,
kila moja na cheti: namba elfu nne mia nane na kumi na mbili
kati ya elfu saba na mia tano.
Nimezinunua kwa sindano.
Kofia moja ya viua, miezi miwili na nusu,
kofia moja, sarafu moja, na chenji ya vitunguu.
Shinuna, binti yangu, huniuliza:
"Mama, nchi hujaikanyaga,
theluji hujaiona ila ndani ya friji,
fedha yao ya nini?"

Nikazipeleka sokoni kwa Muhanna sonara,
anayeijua dunia kwa gramu.
Majambia, vikuku, riale za mababu,
kwake zote nyama ya bucha moja.
Akazitoa kwenye maganda yake ya plastiki
(Usiguse uso! nikasema. Keshagusa.)
Thelathini na moja na nukta. Riale kumi na moja.
Na hii? Kumi na moja.
Na hii yenye ua jekundu, niliyoitolea arubaini na nne?
"Kumi na moja, dada. Rangi haina uzito."

Nikakaa na neno hilo juu ya kigoda chake.
Maana kwa ile ya ua, kweli nililiwa:
jekundu limetapakaa nje ya mstari
kama mtoto aliyeiba rangi ya mdomo ya mamake.
Na ile ya meli niliinunua kwa sababu ya punguzo tu,
nilipoiona bei nikaacha kuiona sura;
maandishi yamesongamana ukingoni
kama watu mlangoni mwa benki siku ya mshahara.
Rahisi huvunja upishi.
Sijaitazama tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Lakini hii.
Kulungu wanne, pembe kama matawi, wanavuka mto,
na mchoraji hakuchora maji.
Kaiacha fedha tupu, laini, kimya,
miguu yao inakatika tu pale mto unapoanza.
Mimi nashona matundu. Naijua kazi ya kuacha.
Kitambaa cha kofia ni baisa mia sita;
kilichobaki, mtu analipia
pale ambapo uzi haukupita.

Nikamwambia Muhanna: Vua kofia. Ipime.
Akacheka, akaipima. Gramu arubaini.
Basi niuzie kwa bei ya pamba.
Akairudisha kichwani upesi, kama niliyemtaka mke.
Mkono ni wangu ile kofia, ya arusi ya mwanawe,
na alilipa sabini bila ya kupunguza hata baisa.

Hapo akapanda: kumi na mbili na nusu.
Nikampa ua, nikampa meli,
nikampa na tatu nisizozipenda wala kuzichukia,
na bata bukini, ambaye kwa kweli alinisikitisha.
Sita. Sabini na tano.
Zimepungua kumi,
na kulungu angezitimiza, akabakisha ya vitunguu.
Muhanna akaniangalia. Nikafunga mkoba.

Fundi anasema ngoja basi, ukipata.
Usiku nalala sakafuni, chini ya dirisha,
kofia ya mteja haijafika nusu,
sarafu nimeiweka shavuni, bila ya ganda.
Najua, alama za vidole, thamani inashuka.
Ina ubaridi wa kweli, kwa nusu dakika,
halafu inakuwa na joto langu.
Naigeuza. Upande wa pili
ni kichwa cha mtu nisiyemjua.
Naigeuza tena.