Zimeni Taa

Siku ya tatu leo.
Masika yameshagonga bati la banda hapa Kinyasini,
bonde limelowa, mbegu zinavimba ndani ya polo,
na trekta la ushirika, kongwe kuliko ndoa ya mama,
linakohoa mara moja, kisha kimya.

Bi Mkasi hana haraka.
Kanga kaifunga kiunoni, juu ya ovaroli ya marehemu kaka yake.
"Mafuta yanafika, nimeyanusa.
Pumzi linayo, imenisukuma kidole.
Kilichobaki ni moto.
Haya zungusha, na gumba usilikunje!
Mkono huo ulimvunja Faki kifundo."

Nazungusha. Plagi kailaza juu ya chuma.
Cheche inaruka, nyembamba, ya manjano,
kama jicho la mgonjwa wa ini.
"Hii haichomi hata pamba."

Basi tukakihoji chuma, kimoja kimoja.
Platini: akaisugua kwa msasa,
mwanya akaupima kwa ganda la kiberiti.
Kondensa: akaazima ya vespa ya Shaame.
Koili haina kosa.
Betri ilikwenda Wete kuchajiwa, ikarudi na salamu.
Kila kiungo kizima. Trekta halitaki.

Mlangoni watu wakaanza kutoa fatuwa:
mmoja kasema jini,
mwengine kasema kiwanda chenyewe kilishakufa,
Hamad Kai kasema, "Liuzeni chuma chakavu,
tushike majembe, tusijidanganye."

Bi Mkasi akangoja Isha.
Watu waliporudi msikitini, akasema:
"Zimeni taa. Na simu.
Na sigara yako, Khatibu."
Giza likajaa bandani kama maji.
"Zungusha."

Hapo tukauona
uzi wa buluu ukitambaa juu ya waya mnene wa koili,
ukirukia chuma, tik, tik,
moto wote wa plagi ukimwagika pembeni,
palipotafunwa na panya
waliofuata mpunga wetu wenyewe.
Siku tatu ukivuja mbele ya macho yetu,
na mchana ukiuficha.

Akakata kipande cha tyubu ya baskeli,
akauvisha waya, akakaza fundo kwa meno.
Viganja vyangu vimechubuka. Nikazungusha.

Likapiga chafya,
likamtemea moshi Hamad Kai,
likanguruma, na banda zima likatetemeka,
sote tungali gizani, hakuna aliyekumbuka taa,
na Hamad huyo huyo akipiga kelele kushinda injini,
anauliza kesho linaanza shamba la nani.