Doa la Hina

Mwanakwerekwe, jua la saa saba.
Mcha Vuai anaizunguka Suzuki yangu
kama posa inayotafuta kisingizio.
"Kutu mlangoni: laki mbili, toa.
Taa hii ina kengeza: toa.
Kiyoyozi?"
"Dirisha."

Na mimi nafunua boneti ya Toyota yake:
mashine inang'aa, mafuta kila kona.
"Bibi harusi huyu kasingwa liwa," nasema.
"Toa."
Anacheka. Imebaki milioni moja baina yetu,
tunaivutana kama shuka fupi.

Kisha anafungua mlango wa nyuma.
"Na doa hili? Hamsini."

Hina.
Salhiya, viganja vibichi, usiku tunamtoa Jambiani;
shimo likaturusha, akashika kiti.
Mamake, Mungu amrehemu,
alicheka mpaka Jozani.

"Hilo hulitoi," namwambia. "Hilo ongeza."

Anaufunga mlango polepole,
kama chumba chenye mtu aliyelala.
Anaandika namba. Haisemi.
Natia saini bila kuisoma.

Nawasha Toyota. Sauti ya kike
inaniambia jambo kwa Kijapani.

"Marahaba," najibu.