Kipimo cha Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Leo sina namba, karani.
Ule mti wa kupimia, mlioupaka nyeupe na nyeusi,
Mubuku umeuchukua usiku wa Jumanne
pamoja na saruji yake na nusu ya shamba la Kule.
Nimesimama pale ulipokuwa.
Kuna jabali jipya hapa, kubwa kuliko chumba changu cha kupikia,
bado lina udongo mgongoni,
na jani la mgomba limebanwa chini yake,
bichi.

Umeniambia kwa simu: “Kadiria tu, Ithungu.”
Haya. Nakadiria.

Kimo: maji yamefika pale ukuta wa magharibi
unapoingia ndani kama shavu la mtu asiye na magego.
Mwaka jana mbuzi wangu walikuwa wakilala humo.

Rangi: majivu yaliyokorogwa.

Sauti: mto huu una midomo miwili.
Wa juu hupiga porojo mchana kutwa.
Wa chini ni mawe yanayobingirika gizani,
unayasikia kwa nyayo kabla ya masikio.
Leo unasema wa chini peke yake.

Baridi: nimezamisha mkono hadi kiwiko, nikahesabu.
Mama yangu, aliyeshika kazi hii kabla yangu,
alifika thelathini akautoa, vidole vimekufa.
Mimi nimefika tisini,
nikautoa kwa sababu ya kuchoka kuhesabu.
Iandike hiyo. Najua fomu haina mstari wake.
Iandike pembeni.

Hujapanda huku; viatu vyako ni vya ofisini.
Basi sikia maji haya yanakotoka.
Juu kabisa umebaki weupe kidogo,
kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba.
Kwetu theluji huitwa Nzururu;
siku hizi jina ni refu kuliko yenyewe.
Chini yake ni vinamasi: unazama hadi paja,
matope yanakuomba kiatu, na hayarudishi.
Kuna lobelia zinazonizidi kimo,
zinazofunga majani jioni kama maduka.
Halafu mianzi. Halafu msitu ambamo hata mawe yana manyoya,
kinyonga wa pembe tatu anavuka tawi
kama mtu anayevuka deni,
na shorobo akiruka unaona wekundu, mara moja tu,
kama mtu amefungua koti akalifunga.

Hapo Bujuku unaingia Mubuku bila kupiga hodi
na mlima unapasuka.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hapa haba na haba imetoboa mwamba,
kuta mbili zikabaki zikitazamana, kangaga zimening’inia,
na mbingu ni utepe
ambao jua hupita kwa dakika arobaini, kisha basi.

Perere hulia huku usiku kucha,
mlango mkavu unaofunguliwa na asiyeingia.
Jumanne hakulia.
Ningejua hapo. Nilijifunika blanketi nikasema, leo tutalala.

Huko kwako tambarare, mto ukishazipita pamba
na kuingia ziwani kwa adabu, na mabwawa ya viboko,
hutaamini ni huyu huyu.
Ukifungua bomba, ukaona mchanga chini ya glasi,
usiumwage haraka.
Ulikuwa ukuta.

Kule amekuja asubuhi kutazama shamba lake.
Hakusema kitu. Alirusha kijiwe majini,
akasubiri, kana kwamba kitajibiwa,
akaenda kufungua ng’ombe.

Sikiliza, karani, usinitumie mti mwingine kwanza.
Nimechukua rangi ya kucha ya binti yangu Mbambu
nikachora mstari kwenye jabali jipya,
maji yanapoligusa sasa hivi.
Andika: sifuri ni hapa.
Kesho nitakwambia umepanda vidole vingapi,
au umeshuka.
Kama jabali litakuwepo.