Kitambaa cha Meza

Shemeji Masanyiwa alizipanga risasi tatu
juu ya kitambaa changu, kile cha maua ya buluu,
kati ya sahani ya sato na jagi la maji,
kama mimi ninavyompangia mgonjwa vidonge:
asubuhi, mchana, usiku.

Ananunua mabondo pale Mwaloni.
Fedha huibeba tumboni, ndani ya shati, kwenye mfuko wa unga,
na Februari walimvizia kona ya Kirumba
wakamrudisha nyumbani na soksi moja.
Kibali kimetoka. Sasa anachagua.

Mugeta, aliyetunza ghala la silaha miaka ishirini
na hata akinawa bado ananuka mafuta ya bunduki,
aliinyanyua ya kwanza kwa kucha.
"Thelathini na nane. Bastola ya duara, ya kizee.
Haikwami. Ilaze kabatini mwaka mzima,
ukiiamsha inaitika. Ila ni sita tu, bwana,
na wezi hawaji kwa hesabu yako."

Ya pili: "Tisa milimita. Nyepesi mkononi,
kumi na tano kwenye magazini,
hata mkeo akiipiga haimrushi."
Jikoni, mdogo wangu Kabula akasonya.

Ya tatu, nene kama kidole gumba cha mtoto:
"Arobaini na tano. Hii ngumi.
Inampiga anayepigwa, inampiga na anayepiga."
Halafu akaingia kwenye vichwa. Zenye koti la shaba
hupenya mtu, hupenya tofali la udongo,
zikaenda kumsalimia jirani kitandani.
Zenye kichwa wazi huchanua ndani kama ua,
zikalala humo humo.

Nilikuwa natoa miba.
Nikasema, mimi nazijua kwa upande wa pili.

Kule kilimani Bugando, usiku,
zinaangukia kisinia cha chuma: kling.
Ndogo, kling. Nene, kling.
Nilimuuliza Daktari Rweyongeza, hii ilikuwa ipi?
Akajibu bila kuinua kichwa: "Nyama haina rula, Sista.
Inafunguka, inajifunga.
Niulize ilipita wapi, hapo nitakujibu."

Nimemwona kijana wa Igoma, tisa mbili ubavuni,
aliyeingia kwa miguu yake akaomba chaja ya simu.
Nimemwona mzee wa Sengerema,
ishirini na mbili, mbegu ya papai,
ilikutana na mshipa. Hatukuwahi hata kumvua viatu.
Nimemfunga bandeji mwenye duka la saruji, Nyakato,
yeye na arobaini na tano yake. Saba alifyatua gizani:
friji, friji, mlango, kopo la rangi,
mbili hazijulikani ziliko,
na ya mwisho kidole chake kikubwa cha mguu.
Mwizi hatukuletewa. Walisema alikimbia akicheka.

"Kwa hiyo ipi?" Masanyiwa akauliza,
kama mtu aliyeulizia nauli akapewa hadithi.

Mugeta alinyamaza na kichwa cha sato wake
mpaka akakimaliza.
"Ile utakayoizoea. Mia mbili kwenye karatasi
kabla ya moja kwa mtu.
Na mkono wako, bwana, haujaacha kutetemeka
tangu Februari. Nimeutazama ukimega ugali."

Alinunua tisa.
Analala nayo chini ya mto. Kabula analala sebuleni.

Asubuhi ile nilikuta maduara matatu ya mafuta kitambaani,
moja likiwa pana kuliko mengine.
Nikafua kwa sabuni ya mche, nikaanika kwenye jiwe
upande unaopigwa na upepo wa ziwa, nikafua tena.
Hayakutoka. Yamesambaa tu, yamelingana,
siku hizi sijui lipi lilikuwa la ipi.
Wageni wakija naweka bakuli la pilipili juu yake.