Kujisaidia

Tartu, Novemba. Virve kapiga magoti
ndani ya choo cha tajiri
aliyekwenda haja yake ya mwisho miaka mia sita iliyopita.
Harufu ndiyo haijafa.

Kijiko, mfuko, namba kwa penseli:
kokwa za cheri, miiba ya samaki,
vitambaa vya sufu (usiulize kazi yavyo),
vipande vya bilauri iliyovuka bahari na milima
ili ije ivunjikie humu.

Maabarani mayai ya mchango yanamtazama
kama ndimu zilizozibwa ncha zote mbili.
Anahesabu hadi shingo inakakamaa.
Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua;
huyu kifo kilimsitiri,
kaumbuliwa na choo.

Mama yake, muuguzi huko Võru, hupiga simu kila jioni:
"Bado uko msalani, mwanangu?"
"Bado, mama. Walikuja kujisaidia,
wananisaidia mimi."

Leo kimetoka kiatu cha ngozi, cha mtoto,
cha mguu wa kushoto. Cha kulia
wamekitafuta mpaka giza.
Ng'ambo ya ua kuna kisima.

"Umbali?" aliuliza Profesa Ojasoo.
"Hatua saba."
"Tasnifu haina hatua."
Akaandika: mita nne nukta mbili.

Usiku. Mikono imeoshwa hadi viwikoni, mara tatu,
na usingizi hauji. Anapima upya
kutoka shimoni hadi kwenye ndoo
kwa kile kiatu:
thelathini.

Na maji yalipita njia hiyohiyo
pekupeku.