Chenga

Asubuhi namwaga chenga za mchele
juu ya kipande cha bati kilichobaki tulipoezeka choo,
hapa uani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Kisha najificha nyuma ya pazia la jikoni na kamera,
pumzi nimeibana kama mtu anayemkwepa mdai.

Wa kwanza ni shorewanda, siku zote, mwenye mji.
Halafu tetere wawili. Halafu minana na ugomvi wao.
Chozi haji kwa mchele.
Chozi huyafuata maua ya ule mpapai dume
ambao kila mwaka nasema nitaukata.

Leo alitua. Sekunde nne, labda tano.
Nikapiga thelathini na saba.

Usiku, studio imefungwa, nazifungua moja moja.
Futa. Futa. Hii mkia tu. Futa.
Hii ni kikonyo kitupu, bado kinatikisika:
naiacha, sijui kwa nini.
Ya ishirini na mbili, jicho limo.
Jicho likiwamo, mengine yanazungumzika.

Ila ina chenga.
Kivuli cha ukuta kimejaa punjepunje,
utadhani nilichokimwaga asubuhi
kimenifuata hadi kwenye kioo.

Mpwa wangu Mhina ananiambia, Zipanguse, mjomba, buruta hapa.
Naburuta. Chenga zinakwisha,
na manyoya yanakwenda nazo,
chozi anabaki laini kama sabuni iliyolala majini.
Narudisha.
Basi noa, anasema.
Nanoa.
Mara ya kwanza mdomo unapata ncha.
Mara ya pili kifua cha zambarau kinahesabika, unyoya kwa unyoya.
Mara ya tatu mkono umeshanogewa,
maana kisu hulia vizuri juu ya jiwe
hata siku isiyo na nyama.
Mara ya nne ndege amezungukwa na ukingo mweupe,
amekatwa kwa mkasi,
amebandikwa kwenye mpapai wa watu wengine.

Miaka ishirini na sita napiga picha za pasipoti.
Nimefuta chunusi, nimefuta makovu ya tetekuwanga,
nimewapa weupe walioomba
na wasioomba, kwa kuwa mashine ilishawekwa hivyo.
Mwanakombo binti Shekue alikuja kuchukua picha za harusi yake.
Akatazama. Akageuza, akatazama tena.
Akauliza kwa upole: Huyu uliyemvika nguo zangu ni nani?
Mimi nikacheka.
Yeye akalipa.

Nairejesha ya ishirini na mbili kama ilivyotoka,
na chenga zake zote.
Nalinoa jicho peke yake, mara moja. Inatosha.
Kisha, kwa tamaa tu, miguu.

Hapo ndipo uzi ukajitokeza.
Wa buluu, umeuzonga mguu wa kushoto,
na kidole kimoja hakipo.

Mhina keshaona. Hicho kidogo, mjomba, bonyeza mara moja kinaondoka.
Najua kinaondoka. Ndiyo kazi yangu.

Lakini uzi huu naufahamu.
Ndio unaoshona mdomo wa gunia la mchele.
Ukiupata mwanzo wake unafumuka wote kwa mvuto mmoja,
mtu anafurahi,
anautupa uani, anachota kikombe cha chenga.
Chozi haji kwa mchele, nilisema.
Ila yuko kwenye kusuka kiota.

Mhina amekwenda kulala.
Picha iko pale pale kwenye kioo,
sijabonyeza, wala sijaihifadhi.
Nimewasha tochi ya simu, nimeinama chini ya mpapai,
naokota.
Hapa mmoja. Hapa mwingine, umeshaliwa na udongo nusu.
Gizani buluu haionekani;
nazipapasa kwa vidole,
vyote kumi.